Skani ya Antivirusi Inasuasua au Imeganda? Pitia Hapa Kabla Hujaizima

Maswali ni yaleyale. "Skani imefika asilimia 87 tangu asubuhi, haisogei." "Inasema imebaki dakika moja, na dakika hiyo haiishi." "Kompyuta imekuwa nzito mno, nizime tu antivirusi?" Mara nyingi anayeuliza ameshaisitisha skani, akaianza upya, ikakwama palepale, akaisitisha tena. Mwongozo huu ni kwa ajili ya wote hao. Ufuate kwa mpangilio wake: hatua za mwanzo ni nyepesi na ndizo zinazowasaidia watu wengi, za mwisho zinagusa mambo ambayo si vizuri kuyagusa bila sababu.

Mifano yote ni ya Windows 10 na Windows 11 zenye Microsoft Defender, yaani antivirusi inayokuja na Windows yenyewe. Kama unatumia nyingine, vitufe vitakuwa na majina tofauti lakini njia ni hiyohiyo. Majina ya vitufe na madirisha nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye Windows ya Kiingereza ili uyatambue ukiyaona.

Elewa hili kwanza

Asilimia unayoiona ni makisio. Antivirusi haiwezi kujua mapema kila faili itaila muda gani. Faili elfu kumi ndogondogo zinaweza kupita haraka, halafu ikafika zip moja (faili iliyobana faili nyingi ndani yake) ya gigabaiti 20 ambayo ndani yake mna zip nyingine, na ndani ya hiyo mna nyingine tena. Hapo namba husimama, lakini kazi inaendelea. Kwa hiyo usiitazame asilimia. Tazama mambo mawili: diski na prosesa zinafanya kazi au zimetulia? Na faili inayosomwa sasa hivi ni ipi? Ukishayajibu hayo, umejua kama skani inasuasua tu au imeganda kweli, na tiba ya moja si tiba ya nyingine.

Jambo la pili ni aina ya diski. HDD, ile ya sahani inayozunguka, ina kichwa cha kusomea kinachohama huku na huko, na kila kuhama kunachukua takribani milisekunde 12. Piga hesabu ya kompyuta yenye faili 400,000: ukichukua mhamo mmoja tu kwa kila faili, ni sekunde 4,800, yaani dakika 80, kabla hujahesabu muda wa kuzisoma na kuzichambua. SSD haina kichwa cha kuhamisha, ndiyo maana inamaliza mapema mno. Skani kamili ya saa nne au tano kwenye HDD iliyojaa si dalili ya ugonjwa wowote.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Chaja, kama ni kompyuta mpakato. Usianze kwa betri.
- Akaunti yenye haki za msimamizi.
- Intaneti, kwa ajili ya kusasisha.
- Diski ya nje au flashi yenye nafasi ya kutosha kuhifadhi nakala za faili usizotaka kuzipoteza.
- Ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, yaani kipengele cha Windows kinachosimba data ya diski ili isisomeke bila ufunguo. Kwa wengi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yao ya Microsoft. Utafute sasa, usisubiri uulizwe.
- Mahali pa kuandika. Utakutana na majina ya faili na namba ambazo utazihitaji baadaye.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha ni skani ya kweli. Kama "skani" unayoiona iko ndani ya kivinjari, kwenye ukurasa wa tovuti unaopiga kelele kwamba umekuta virusi na kukupa namba ya kupiga simu, hiyo si skani. Ni utapeli. Ukurasa wa tovuti hauwezi kuichambua diski yako. Funga kivinjari kizima. Kikigoma, kifunge kupitia Task Manager. Usipige namba hiyo na usipakue chochote walichokuwekea.

2. Tazama kama kazi inafanyika. Bonyeza Ctrl + Shift + Esc kufungua Task Manager, kisha tafuta "Antimalware Service Executable" kwenye orodha. Huyo ndiye Defender. Angalia safu za CPU na Disk kwenye mstari wake. Namba zikipanda na kushuka, skani iko hai. Zikikaa kwenye sifuri mfululizo, endelea na hatua ya 3. Usihangaike kuizima kwa kitufe cha "End task": Windows inailinda na itakukatalia.

3. Tafuta faili inayosomwa. Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo ambayo wengi hawaijui. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `resmon`, bonyeza Enter. Dirisha la Resource Monitor likifunguka, nenda kwenye kichupo cha "Disk". Orodha ya juu ina majina ya programu zinazotumia diski. Weka alama ya vema kwenye kisanduku kilicho kando ya MsMpEng.exe, ambalo ndilo jina la Defender humu, kisha teremka kwenye "Disk Activity".

Sasa tulia uangalie kwa dakika chache. Skani ikiwa na afya, majina hupishana mbele ya macho yako: faili ndefundefu za `C:\Windows\WinSxS`, kisha za Program Files, kisha picha zako mwenyewe. Kuna safu mbili za kufuatilia, "Read" inayoonyesha baiti zinazosomwa kwa sekunde, na "Response Time" inayoonyesha diski imechukua milisekunde ngapi kujibu. Utakachokiona kitaangukia kwenye mojawapo ya hali hizi:

- Majina yanabadilika. Skani inakwenda. Iache.
- Jina moja limeganda, lakini Read ina namba kubwa, au CPU ya Defender iko juu. Imeshika faili kubwa au faili iliyobanwa na inaifungua kuichambua. Andika jina lake, kisha iache.
- Jina moja, au hakuna jina kabisa, Read ni sifuri na CPU ni sifuri. Ikikaa hivyo nusu saa nzima, imekwama kweli. Andika jina la mwisho uliloliona, sitisha skani, endelea na hatua ya 4.
- Response Time inaruka hadi maelfu ya milisekunde, na inarudia kufanya hivyo. Hapo tatizo si antivirusi. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 9, kwa sababu diski inaweza kuwa inakufa na kila skani unayoirudia inaichosha zaidi.

4. Ondoa vizuizi vya kawaida. Chomeka chaja. Nenda Settings > System > "Power & battery" (kwenye Windows 10 ni "Power & sleep") uweke kompyuta isilale wakati imechomekwa. Skani nyingi zinazosemekana kukwama usiku zilisimama kwa sababu kompyuta ililala. Chomoa flashi, kadi za kumbukumbu, simu na diski za nje. Flashi mbovu moja inatosha kuisimamisha skani nzima. Funga programu ya torrent na mchezo wowote unaojisasisha chinichini. Kama Windows Update inapakua, iache imalize kwanza.

Gusa pia sehemu ya chini ya kompyuta. Ikiwa ya moto sana na feni inanguruma bila kupumzika, prosesa hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na skani itaburuza. Iweke juu ya meza ngumu, kamwe isiwe juu ya godoro au mto, na safisha vumbi kwenye matundu ya hewa.

5. Washa upya kwa "Restart", usitumie "Shut down". Watu hulipuuza hili. Kwenye kompyuta nyingi, Windows huwa imewashiwa kipengele kiitwacho Fast Startup: ukibofya Shut down, inahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski na kuirudisha vilevile ukiwasha, pamoja na hitilafu yake. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa.

6. Sasisha, kisha anza na skani fupi. Fungua Windows Security, ingia "Virus & threat protection", shuka hadi "Protection updates" na ubofye "Check for updates". Ikikamilika, endesha "Quick scan". Hii hupitia maeneo ambayo virusi hupenda kujificha, kama kumbukumbu na vitu vinavyoanza pamoja na Windows. Ikimaliza bila shida, umejua kwamba antivirusi yenyewe ni nzima na tatizo liko kwenye faili fulani ndani ya diski. Ikikwama hata hii fupi, fanya hatua ya 7, kisha nenda moja kwa moja hadi 10 na 11.

7. Hakikisha antivirusi ni moja tu. Antivirusi mbili zikifanya kazi kwa pamoja hugombania kila faili: moja ikifungua, nyingine inaichunguza kwa sababu imefunguliwa. Ndani ya Windows Security, bofya "Settings" iliyo chini kushoto, kisha "Manage providers". Utaona nani analinda kompyuta. Kisha pitia Settings > Apps uone kama kuna antivirusi ya zamani, hasa ile ya majaribio iliyokuja na kompyuta mpya na muda wake ukaisha. Iondoe. Watengenezaji wengi wana kifaa maalumu cha kufuta mabaki ya antivirusi yao. Kichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji huyohuyo, kwingine kokote usithubutu. Washa upya ukimaliza.

Kumbuka: Defender hujiweka kando yenyewe ukisakinisha antivirusi nyingine, na hurudi kazini ukiiondoa. Isiporudi, kwa kawaida ni mabaki ndiyo yanayoizuia.

8. Gawanya diski hadi umnase mkwamishaji. Kama hatua ya 3 ilikupa jina la faili, una bahati, nenda moja kwa moja kwenye faili hiyo. Kama haikukupa, tutamtafuta.

Kwanza punguza mzigo. Settings > System > Storage > "Temporary files", futa za muda, lakini usiweke alama kwenye "Downloads" kama hujaipitia kwa macho yako. Tupa pia vilivyomo kwenye Recycle Bin. Faili iliyo humo bado iko kwenye diski, na skani itaikuta.

Kisha rudi "Virus & threat protection" ndani ya Windows Security, fungua "Scan options", chagua "Custom scan", bofya "Scan now" na uchague folda moja. Anza na Downloads. Ndiko kunakokaa zip, faili za ISO, na visakinishi vya miaka yote. Fuatia na Desktop, Documents, kisha folda za picha na video. Kila iliyomaliza salama iandike na uiache. Iliyokwama, ingia ndani yake uskani folda ndogo mojamoja.

Ukikuta folda yenye vitu vingi mno, tumia nusu kwa nusu. Tuseme Downloads ina folda 32. Tengeneza folda mpya humohumo, hamishia 16, skani hiyo mpya. Ikipita, mkwamishaji yuko kwenye 16 zilizobaki. Ikikwama, yuko humo ndani. Gawanya tena: 16, 8, 4, 2, 1. Skani tano tu na umemshika, badala ya kujaribu zote 32. Kuhamisha ndani ya diski ileile ni kwa haraka sana kwa sababu data yenyewe haisogei.

Onyo kubwa: mchezo huu wa kuhamisha ufanye kwenye folda zako binafsi peke yake. Usihamishe chochote kutoka `C:\Windows`, `Program Files` au `ProgramData`, utavunja mfumo.

Ukishaipata faili, jiulize kama unaihitaji. Huihitaji? Ifute, tupa Recycle Bin, anza skani upya. Kama ni faili uliyoipakua na unajua ilikotoka, ifute na uipakue tena, kwa sababu faili iliyoharibika wakati wa kupakuliwa ni chanzo cha kawaida cha kukwama. Kama ni zip yako mwenyewe, ya picha ulizozihifadhi kwa mfano, ifungue kwenye folda mpya na uskani folda hiyo. Zip usiyojua ilikotoka usiifungue hata kidogo. Zipo zip zilizotengenezwa makusudi kuzikwamisha antivirusi: maarufu kuliko zote, 42.zip, ina kilobaiti 42 tu lakini ikifunguliwa hadi ndani kabisa inafikia petabaiti 4.5. Antivirusi za siku hizi zina mipaka ya kuzikwepa, ila mfano huo unaonyesha kwa nini ukubwa wa zip haukuambii chochote kuhusu kazi iliyo ndani.

Zipo faili chache ambazo ni kubwa kihalali na huwezi kuzifuta: diski za kompyuta pepe za VHDX, VDI au VMDK, au hifadhi ya barua pepe ya PST. Hizi unaweza kuzitenga kupitia "Manage settings" > "Exclusions". Lakini elewa unachokifanya. Kilichotengwa hakiachwi na skani peke yake. Hata ulinzi wa muda wote (real-time protection) huacha kukichunguza. Kwa hiyo tenga faili moja unayoijua. Usitenge Downloads, usitenge folda za muda, usitenge diski nzima ya C. Ukitenga Downloads, umeacha wazi mlango ambao virusi wengi hupitia.

9. Pima afya ya diski. Kabla ya yote, nakili faili zako muhimu kwenda diski ya nje. Fanya hivyo kwanza, kisha rudi hapa.

Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya Start, fungua "Terminal (Admin)" au "Windows PowerShell (Admin)", andika:

`Get-PhysicalDisk | Select FriendlyName, MediaType, HealthStatus`

Itakuambia kama diski yako ni HDD au SSD, na kama ni "Healthy". Ikisema "Warning" au "Unhealthy", acha skani zote na panga kununua diski nyingine. Ikisema Healthy, usiridhike haraka, kwa sababu diski inaweza kuanza kuchoka kabla alama hiyo haijabadilika. Fungua Event Viewer, daftari la matukio ya Windows, nenda Windows Logs > System, utafute matukio yenye chanzo "disk". Tazama namba ya tukio (Event ID): namba 7 maana yake kuna sehemu mbovu kwenye diski. Namba 153 maana yake Windows iliomba data, haikupata, ikalazimika kuomba tena. Moja ya siku nyingi zilizopita si neno. Zikiwa zimepangana, saa zilezile ulizokuwa unaskani, umepata jibu.

Kama diski inaonekana salama, kagua mfumo wake wa faili:

`chkdsk C: /scan`

Hii inafanya kazi huku Windows ikiendelea. Ile ya `chkdsk C: /r` inatafuta sehemu mbovu kote kwenye diski, inahitaji kuwasha upya na inaweza kuchukua saa nyingi. Usiiendeshe kama bado hujanakili faili zako, na ikishaanza usichomoe umeme.

10. Kagua mfumo wa Windows. Kwenye dirisha lilelile la msimamizi, moja baada ya nyingine:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`

`sfc /scannow`

Ya kwanza inatengeneza ghala la faili za Windows ambamo ya pili inachukua vipuri vya kurekebisha faili zilizoharibika, ndiyo sababu ya mpangilio huo. DISM hupenda kusimama kwenye asilimia fulani kwa dakika kadhaa. Iache. Washa upya zikimaliza.

11. Skani nje ya Windows. Kama antivirusi inafunguka na kujifunga, inakataa kusasisha, au huwezi kufika kwenye tovuti za kampuni za antivirusi huku tovuti nyingine zinafunguka, huenda kuna programu hasidi inayoizuia kwa makusudi. Usipambane nayo ndani ya Windows ambayo tayari imeishika. Hifadhi kazi zako, nenda "Scan options", chagua "Microsoft Defender Antivirus (offline scan)" na ubofye "Scan now". Kompyuta itajizima, itaamka kabla Windows haijapakiwa, na itaskani kwa takribani dakika 15. Huenda ukaulizwa ufunguo wa BitLocker. Matokeo yatakuwa kwenye "Protection history" ukisharudi.

Ukitaka maoni ya pili, Microsoft wana Microsoft Safety Scanner, ya bure na haihitaji kusakinishwa. Inaisha muda siku 10 baada ya kuipakua, kwa hiyo pakua mpya kila unapoihitaji.

Mambo yanayoharibu kazi

Kuanza skani upya kila baada ya dakika ishirini. Kila ukianza upya unarudi kwenye faili ya kwanza, halafu unaona haimalizi.

Kuzima ulinzi wa muda wote "ili skani iende haraka", kisha kusahau kuuwasha. Hili linaniumiza zaidi kwa sababu madhara yake hayaonekani siku hiyo.

Kupakua programu za "kuongeza kasi ya kompyuta". Huzihitaji kwa hatua yoyote kati ya hizi, na nyingine ndizo zinazokuletea tatizo la pili.

Kuendesha skani kamili kila siku. Ulinzi wa muda wote tayari unachunguza kila faili inapofunguliwa. Skani fupi za mara kwa mara zinatosha kwa kompyuta nyingi za nyumbani. Ile kamili iwe pale unaposhuku kitu au umetoka kusafisha virusi.

Ukiwa bado umekwama

*Inasimama kwenye asilimia 99 kila mara.* Rudi hatua ya 3 na uangalie CPU. Mara nyingi inamalizia faili zilizobanwa au inashughulikia ilichokikuta. Fungua "Protection history" uone kama kuna kitu kinakusubiri wewe uamue.

*Sijui kama skani ya usiku ilimaliza au ilikatika.* Fungua Event Viewer, kisha Applications and Services Logs > Microsoft > Windows > Windows Defender > Operational. Namba 1000 ni skani imeanza, 1001 imemaliza, 1002 imesitishwa kabla ya kumaliza, 1005 imeshindwa. Ukiona 1000 bila 1001, linganisha saa yake na muda ambao kompyuta ililala.

*Skani ya ratiba inachukua muda mrefu kuliko ninayoianzisha mwenyewe.* Defender inajiwekea kikomo cha matumizi ya prosesa, kwa kawaida asilimia 50, ili usisumbuke ukiwa kazini, na kikomo hicho kwa kawaida kinahusu skani za ratiba. Unaweza kukiona kwa:

`Get-MpPreference | Select ScanAvgCPULoadFactor`

na kukibadilisha, tuseme kuwa 70, kwa:

`Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 70`

Kwenye kompyuta yenye HDD usitarajie mabadiliko makubwa, kwa sababu kinachochelewesha huko ni diski.

*Dirisha la Windows Security lenyewe limeganda.* Anzisha skani bila dirisha. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

`"%ProgramFiles%\Windows Defender\MpCmdRun.exe" -Scan -ScanType 1`

Namba 1 ni skani fupi, 2 ni kamili. Ikimaliza huku, shida ilikuwa kwenye dirisha tu.

*Nataka kujua ni faili zipi zinaichelewesha.* Defender ina kinasa chake. Kwenye PowerShell ya msimamizi:

`New-MpPerformanceRecording -RecordTo C:\rekodi.etl`

Iache ikirekodi wakati skani inaendelea, bonyeza Enter kuisimamisha, kisha:

`Get-MpPerformanceReport -Path C:\rekodi.etl -TopFiles 10`

Utapata faili kumi zilizokula muda mwingi, kwa mpangilio.

*Nimefanya yote na bado.* Kama kompyuta ina HDD na RAM ya gigabaiti 4, badilisha diski iwe SSD kabla hujafikiria kununua kompyuta mpya. Hakuna mpangilio wa antivirusi unaoweza kukupa kasi hiyo. Na kama bado uko Windows 10, jua kwamba muda wake wa kawaida wa kusasishwa uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Panga kuhamia Windows 11 ikiwa kompyuta yako inakubali.

Ukiamua kuomba msaada kwa mtu, mpelekee haya: toleo la Windows, aina ya diski na alama yake ya afya, jina la antivirusi, faili ya mwisho uliyoiona kwenye Resource Monitor, Response Time ilikuwa ngapi, na namba za matukio ulizozikuta kwenye Event Viewer. Njia ya faili mara nyingi huwa na jina lako la mtumiaji ndani yake, lifute kabla ya kutuma. Ufunguo wa BitLocker usimpe mtu yeyote.